Mpaka Mkono Ushuke

Simi alinipigia simu akisema yuko Nairobi, amekuja kuuza nyumba ya marehemu baba yake kule Kitisuru, na kwamba angependa tuonane kabla hajarudi Kanada. Nilimkuta kwenye mkahawa mmoja katikati ya jiji, ghorofa ya juu, amechagua meza ya dirishani. Nywele zake zimekuwa nyeupe kuliko zangu. Alisimama kunikumbatia, mikono yake ikashindwa kukutana mgongoni mwangu, tukacheka. "Nekesa, bado uko na nguvu?" akaniuliza. Nikamwambia nguvu ziko, ila siku hizi zinatumiwa vibaya. Wala sikuwa namtania. Pale Waithaka ninapoishi, kukiwa na harusi wanawake wenzangu hupewa kazi ya kupanga maua, mimi naitwa kusukuma jenereta. Kukiwa na matanga, wengine wanachemsha chai huku wakisengenya, mimi niko uani nahamisha viti na masufuria ya kukodi. Mtu akinunua kabati, huanza kunisalimia vizuri mapema. Ukishakuwa bingwa wa kunyanyua vyuma, hata kama ni zamani, watu hawaamini kwamba nawe unaweza kuchoka.

Tuliongea habari za wajukuu na bei ya viwanja, mambo ya watu wazima wanaoogopa kufika kwenye jambo lenyewe. Kisha Simi akaanza kukoroga chai ambayo hakuwa ametia sukari. "Wacha nikuulize kitu," akasema. "Wewe ndiye ulikuwa unamwelewa Papa mwisho mwisho. Alitaka kwenda na mimi, ama alikubali tu kwa sababu yangu?" Aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia majibu ya hospitali. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akiishi na swali hilo huko ughaibuni, na mimi nikiishi nalo huku, na hakuna aliyewahi kumpigia mwenzake kulitaja. Niliitazama mikono yangu juu ya meza, mipana, viganja vimejaa sugu za zamani, nikaona haina chochote cha kumpa.

Mwaka anaouulizia ni ule ule nilioshinda ubingwa wa taifa. Baba yake, Mzee Gurdev, ndiye aliyekuwa kocha wangu. Alikuwa Kalasinga mrefu, mjane, ndevu za mvi, fundi wa kuchomelea vyuma mwenye karakana upande wa Grogan, kule mjini chini ambako kelele za nyundo hupumzika Jumapili tu. Alinikuta soko la Dagoretti nikiuza matumbo. Nilikuwa natoka machinjioni, karai limejaa, nimelitia begani kwa mkono mmoja kwa sababu mkono wa pili ulikuwa unabishana na kondakta. Akanifuata. "Wewe mama, hiyo karai iko kilo ngapi?" Nikamwambia sijawahi kupima. "Basi kuja tupime." Nilidhani ni mzee mwenye wazimu au mwenye tamaa, na siku ya kwanza nilienda na shangazi yangu awe mlinzi, yeye ambaye alikuwa akiogopa hata kuku. Mzee hakuwa na wazimu wala tamaa. Nyuma ya karakana alikuwa na chumba cha mabati chenye sahani za chuma alizozikata mwenyewe kutoka kwenye mashine kuukuu, uzito umeandikwa kwa chokaa, na ukutani picha yake ya ujanani akiwa amechuchumaa na chuma mabegani, shingo nene kuliko kichwa. Shangazi aliitazama ile picha kwa muda mrefu, kisha akasema anaweza kuja tena kesho kunisindikiza.

Katika mchezo wetu kuna sheria moja ambayo watu wa nje hawaijui. Ukiinua chuma kutoka sakafuni ukasimama wima, kazi haijaisha. Lazima usimame nacho hivyo hivyo mpaka mwamuzi aliye mbele yako ashushe mkono na kusema shusha. Ukikiweka chini kabla ya hapo, hata kama umeinua uzito wa lori, umeanguka. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimepoteza ubingwa kwa njia ya kijinga kabisa. Mwamuzi alipunga mkono kufukuza nzi, mimi nikadhani ndiyo ishara, nikaachia. Ukumbi ulicheka, mimi nikaenda kulilia chooni. Kocha hakunigombeza. Alinisubiri nje ya choo na chupa ya soda, na tangu siku ile akawa mwamuzi mzito kuliko wote duniani. Nikishasimama na chuma, yeye huku ameinua mkono wa kulia, kwa ule wa kushoto anajimiminia chai, anaitia tangawizi, ananiuliza kikohozi cha shangazi kinaendeleaje. "Kocha, nakufa," nasema. "Kufa baadaye," ananijibu. "Mwamuzi ni binadamu, beti. Iko nzi, iko usingizi, iko bibi wamegombana asubuhi. Wewe usiangalie hiyo yote. Wewe ngoja mkono." Beti kwa lugha yao ni binti. Simi alikuwa mbali tayari wakati huo, ameolewa, na nafikiri neno lile lilikuwa limekaa mdomoni mwa mzee bila kazi.

Baada ya mazoezi tulikula pale pale, juu ya meza ya kufanyia kazi, tumesukuma misumeno kando. Alileta chakula kutoka nyumbani kwenye vile visufuria vya kupandana: dengu, chapati nene zilizopakwa samli, achari ya maembe iliyonifanya nitoke jasho kuliko vyuma. Na kitunguu. Kwao kitunguu cha kula na dengu hakikatwi kwa kisu. Kinawekwa juu ya meza na kupigwa ngumi moja, kinapasuka, maganda yanatoka yenyewe, na wenyewe wanasema hivyo ndivyo utamu unavyotoka. Mzee alikuwa akikipiga bila hata kukitazama, katikati ya maneno. Mapema mwaka ule wa ubingwa, siku moja alipiga na kitunguu kikabiringika kizima mpaka chini ya mashine. Akacheka, akasema hata vitunguu vya Nairobi siku hizi vimekuwa vijanja. Nilikiokota nikakipiga mimi. Kilipasuka, na yeye akaacha kucheka.

Siku chache baadaye nilikuwa nimesimama na chuma kizito kuliko vyote nilivyowahi kushika. Macho yalikuwa mkononi mwake. Mkono ukashuka, nikaweka chini. "Nani ameambia wewe weka?" akafoka. "Sijasema shusha." Nikamwambia, "Kocha, mkono umeshuka." Akaniambia haujashuka. Kisha akautazama. Ulikuwa umelala pajani mwake kama kitu alichokisahau mtu mwingine. Akajaribu kuuinua tena, ukafika kifuani ukatetemeka, ukarudi. Nje mtu alikuwa anapiga bati kwa nyundo, na mimi kwa upumbavu wangu nikasema labda ni baridi. Mzee akaukubali uongo wangu, akasema ndiyo, labda ni baridi.

Haikuwa baridi. Hospitali walitueleza kwa upole kwamba ni ugonjwa wa mishipa ile inayopeleka amri kwenye misuli. Misuli yenyewe haina kosa, alisema daktari, ila amri haifiki, na misuli isiyoamrishwa hunyauka. Itaanza mikono, itaenda miguu, itakwenda kwenye sauti na kumeza, na mwisho kwenye pumzi. Akili itabaki palepale, inatazama. Nikauliza ni mazoezi gani anaweza kufanya. Swali la kijinga, lakini ndilo pekee nililolijua. Maisha yangu yote kitu kikiwa kizito, dawa yake ilikuwa kuongeza nguvu. Daktari alinitazama na mabega yangu, akasema hakuna. Mzee akamwambia, "Usiogope yeye, daktari. Yeye akisikia neno hakuna anafikiri ni jina ya mtu." Wote wawili walicheka kidogo. Mimi sikuweza.

Kwa hiyo mwaka ule niliutumia zaidi Kitisuru kuliko karakanani. Nyumba ilikuwa kubwa, ya vyumba vilivyofungwa, bustani yenye ndege wengi na mapazia mazito aliyoyachagua mkewe. Chumba chao kilikuwa juu, na mzee akakataa katakata kuhamishiwa chini. Alikuwepo muuguzi wa kuajiriwa, kijana mzuri tu, lakini mzee alikuwa haoni raha kuinuliwa na mtu mwingine. Nilikuwa nafika asubuhi kutoka Waithaka, nambeba kutoka kitandani hadi bafuni, kutoka bafuni hadi kiti cha dirishani, namfunga kilemba kama alivyonifundisha, mkunjo kwa mkunjo, naye ananikosoa kila siku kwamba nimefunga kama bandeji. Mwanzoni alikuwa mzito, mtu wa mifupa mikubwa, na nilikuwa napiga magoti na kunyoosha mgongo kama ninavyoinua chuma. "Miguu, beti, miguu," alikuwa akiniambia huku yuko mikononi mwangu. "Usitumie mgongo." Mimi kila wiki nilikuwa naongeza sahani karakanani, na kila wiki yeye alikuwa anapungua. Sikujua kwamba mtu anaweza kuchukia kuona kitu kinakuwa chepesi.

Chakula nacho kilikuwa kinashindikana kimoja kimoja. Chapati zilienda kwanza, zilimkaba. Achari ikafuata, kisha chai, ambayo ilikuwa inaingia njia isiyo yake na kumfanya akohoe mpaka machozi. Nikamjaribisha uji wa wimbi mzito, wa kwetu, nimeulainisha kwa maziwa, ukashuka. Alisema ni chakula cha ng'ombe, akamaliza bakuli. Kitunguu niliendelea kukileta, nakipiga ngumi mbele yake ili asikie ule mlio na kupata ile harufu, halafu nakila mimi. Alikuwa akifumba macho kwa raha. Siku moja, sauti yake ikiwa tayari nzito kama ya mlevi, aliniambia kitu ambacho nilimfanya akirudie ili niwe na hakika. "Mama Simi alitoka hii nyumba. Mimi pia natoka hii nyumba. Sitaki kwenda baridi." Nikamwambia nimesikia. Alinitazama kama mtu aliyekabidhi mzigo, na mimi nikaupokea kwa kichwa kikubwa, kana kwamba kupokea na kuweza ni jambo moja.

Ubingwa niliupata katikati ya hayo. Ningependa kusema ilikuwa siku kubwa. Niliinua, nikasimama, nikangoja, mwamuzi akashusha mkono, taa zote za waamuzi zikawa nyeupe, ndiyo kukubaliwa, watu wakapiga kelele. Waithaka walinipokea kwa nyimbo na matawi, shangazi akalia mpaka akasahau kukohoa. Nilivishwa medali, nikaambiwa mimi ndiye mwanamke mwenye nguvu kuliko wote nchini. Asubuhi yake nilimkuta mzee amelala upande alioulalia usiku kucha kwa sababu hakuweza kujigeuza wala kumwita muuguzi, sikio limekuwa jekundu na limekunjika. Nilimgeuza. Ilinichukua nguvu kidogo kuliko kufungua mlango. Nikamwekea medali kifuani, akaitazama kwa kuteremsha macho, na hapo ndipo nilipolia mbele yake kwa mara ya kwanza. Alijaribu kusema kitu kwa muda mrefu. Kilipotoka kilikuwa, "Umengoja?" Nikamwambia, "Nilingoja, Kocha, mpaka mkono ushuke." Hilo swali lake ndilo neno la mwisho nililolielewa kutoka kinywani mwake. Baada ya hapo tukabaki na macho. Kufumba mara moja ilikuwa ndiyo. Kuyaacha wazi ilikuwa hapana.

Simi alifika akiwa amebeba koti la baridi mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia na ikashindikana, maana alipomwona baba yake alikaa sakafuni, kwenye zulia, akamshika mguu na kubaki hapo. Alinishukuru. Alinilazimisha nikae mezani kula naye badala ya jikoni. Lakini siku iliyofuata, nikiwa napoza uji, nilimsikia sebuleni akiongea na mumewe kwa simu, Kiingereza na Kipunjabi na Kiswahili vimechanganyika kama kawaida ya watoto wa Nairobi. "Hapana, hawezi kubaki. Pumzi inaanza kwenda. Hapa akikabwa usiku ni yule kijana na Mungu. Huko kuna mashine, kuna mimi." Akasikiliza. "Kuna Nekesa, ndiyo, lakini Nekesa si wa familia. Siwezi kumwachia mtu wa nje kifo cha baba yangu." Hakulisema kwa dharau. Alilisema kwa huruma, na ningekuwa mahali pake ningesema vivyo hivyo. Ndiyo maana liliniuma.

Niliingia sebuleni na bakuli mkononi nikamwambia alichoniambia mzee: kwamba hataki kutoka nyumba ile. Sijawahi kuongea kwa adabu kama siku ile. Simi akaniambia, "Najua. Aliniambia hata mimi. Lakini alisema akiwa bado anaongea, Nekesa. Alikuwa bado anakula." Nikamwambia nitahamia pale, nitalala chini ya kitanda chake kama ni lazima. "Na akishindwa kupumua utafanya nini?" aliniuliza. "Utambeba?" Hakuwa ananikejeli. Alikuwa anauliza kweli, alikuwa anatamani niwe na jibu. Tukapanda juu pamoja. Akapiga magoti kando ya kiti, akamwambia baba yake kwa Kipunjabi kisha kwa Kiswahili, nafikiri ili nami nisikie, "Papa, twende nyumbani kwangu. Nataka niwe na wewe. Sawa?" Mzee alimtazama sana. Kisha akanitazama mimi. Mimi nilisimama pale, mwanamke mwenye nguvu kuliko wote nchini, na bakuli la uji. Akarudisha macho kwa mwanawe, akayafumba. Mara moja.

Hayo ndiyo niliyomwambia Simi mkahawani. Kwamba alimuuliza, akafumba macho, na mimi nilikuwepo, na kwa lugha yetu hiyo ilikuwa ndiyo. "Lakini alimaanisha?" akasisitiza. "Ama alinihurumia?" Nikamwambia sijui. Nikamwambia mimi nilikuwa nasoma macho tu, sikuwa ndani yake, na kwamba mzazi akimhurumia mtoto nayo ni ndiyo. Alilia bila sauti, kwa adabu, wahudumu wakipita. Nilimshika mkono, na nilikuwa mwangalifu nisiukaze. Huwa sina hakika na nguvu zangu. Aliniambia mzee hakumaliza hata majira ya baridi kule, alikwenda akiwa usingizini, na mashine zote zilikuwepo. Nikamwambia alifanya lililowezekana. Tukaagana barabarani, akapanda teksi, nikampungia mkono mpaka gari likaingia kwenye msongamano.

Lipo jambo moja sikumwambia, na kwa umri wetu sidhani nitamwambia. Alasiri ile ya kuondoka, gari la wagonjwa lilikuwa uani na machela hayakuweza kukata kona ya ngazi. Wahudumu walipima, wakainamisha, wakasugua ukuta, wakashindwa. Simi akanitazama. Hakuhitaji kusema. Nilimwinua mzee kutoka kitandani, blanketi na yote, nikauchukua mkono wake wa kulia nikauweka kifuani pangu ili usining'inie, nikashuka naye ngazi moja moja. Nilipita chumba cha wageni, nikapita mapazia ya mkewe, nikapita jikoni ambako bakuli lake lilikuwa limeoshwa na kufunikwa. Alikuwa mwepesi kuliko karai la matumbo. Kichwa chake kilikuwa begani pangu, kilemba nilikuwa nimekifunga vizuri kwa mara ya kwanza, na hakukuwa na wa kunikosoa.

Nilifika kwenye mlango wa nyuma wa gari, machela yako wazi mbele yangu, na hapo nikasimama. Mgongo umenyooka, magoti yamekaza, jinsi alivyonifundisha. Nilimtazama usoni nikangoja. Nilijua mkono ule hauwezi kushuka. Amri ilikuwa haifiki. Niliungoja hata hivyo, na ningeweza kusimama pale mpaka jua litue bila kuchoka, na kwa muda kidogo nilifikiri kwamba labda hilo ndilo jambo ambalo nguvu zangu zilikuwa zimetengenezewa. Yeye alinitazama, macho wazi. "Nekesa," Simi akasema nyuma yangu, kwa upole kabisa, "mweke sasa, tutachelewa."

Nikainama nikamlaza. Nilipotaka kunyanyuka, nikavutwa. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja kwenye ukosi wa blauzi yangu. Ugonjwa ulikuwa umevikunja hivyo miezi mingi, daktari alikuwa ametueleza, siwezi kusema ilikuwa ni yeye. Simi alikuwa anapanga mto, hakuona. Nikavifungua kimoja kimoja.